Hanad na Boma la Maji ya Chumvi

Katika ukoo wa Hanad hakuna aliyewahi kula samaki, seuze kumfuga. Babu yake alikuwa askari Msomali wa mkoloni, akaachwa Isiolo yeye na wenzake pamoja na ngamia wachache. Baba yake aliuza ngamia akanunua lori, na Hanad akaliendesha lori hilo mpaka magoti yakamkatalia. Alipostaafu, binti yake Barwaqo, aliyeolewa Mombasa, aliona baba atakufa kwa kukaa bure. Akamtumia tangi la kioo, pampu, mifuko ya chumvi ya bahari na samaki wanne wa rangi, kila mmoja kwenye mfuko wake wa maji, kisha akampigia simu kumwambia awapende.

Hanad hakuwa na nia hiyo. Alipanga kuwatunza kwa adabu tu mpaka binti aje kusalimia, halafu arudi nao. Lakini mfugaji ni mfugaji, hata ukimpa konokono atamtafutia malisho. Haikuchukua muda Hanad akawa anawahesabu asubuhi na jioni kama mifugo inayoingia bomani, ingawa walikuwa wanne na hawakuwa na pa kwenda. Mkubwa wao, wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, aliyekuwa akiwakimbiza wenzake kila kona, alimwita Dume, kwa sababu alimkumbusha dume la ngamia la babu yake, ambalo nalo lilikuwa na roho mbaya.

Mtaa wake wote wa Bulla Pesa ulikuja kutazama. Jirani mmoja alitaka kujua kwa nini samaki wanatiwa chumvi kabla ya kuchinjwa. Wazee wenzake wa msikitini walimuuliza kama amekwisha kuwakamua. Mkewe Amino ndiye aliyezidi wote, maana yeye alikuwa akiyasema ndani ya nyumba.

"Baba Barwaqo," alimwambia siku moja, "mimi ulinioa miaka yote hii, hujawahi kunivutia kiti unitazame hivyo."

Hanad alinuna, lakini kiti hakukitoa. Kila alasiri alikaa mbele ya kioo akimsimulia Dume habari za barabara, na Dume alimsikiliza akiwa ameelekeza kichwa kwake, jambo ambalo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyekuwa akilifanya. Alimpenda, basi. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Mtu mmoja tu mjini ndiye hakumcheka. Huyo ni Kaburu, Mmeru mwenye duka la miraa kule mtaa wa Chechelesi, naye alikuwa na tangi la maji ya chumvi dukani. Alilinunua kwa akili ya biashara. Mtu anayetafuna miraa anaweza kutazama samaki mchana kutwa bila kuchoka, na kadiri anavyotazama ndivyo anavyoongeza kununua. Hanad hakuwa mtafunaji, lakini alipita pale mara kwa mara kuzungumza na Kaburu mambo ya pampu na joto la maji, wakawa marafiki wa kweli.

Halafu maradhi yakaingia. Samaki mmoja wa manjano alianza kujisugua kwenye mawe kama mbuzi mwenye upele. Hanad aliinama akaona vidoa vyeupe vimemtapakaa mgongoni na kwenye mapezi, utadhani amenyunyiziwa chumvi ya mezani. Akafikiri ni chumvi kweli. Akajilaumu kwamba hakuikoroga vizuri, akachukua mwiko wa Amino wa ugali akakoroga tangi zima mpaka Dume akajificha. Baada ya siku chache vidoa vikatoweka. Hanad alitembea kifua mbele mtaani, akimweleza kila aliyesimama jinsi alivyomtibu samaki kwa mwiko.

Vidoa vilirudi, tena vingi zaidi, na safari hii yule wa manjano alikuwa akihema mbiombio, mashavu yakipanda na kushuka. Kulipokucha alikuwa amelala chini mchangani. Hanad alimzika nyuma ya choo bila kumwambia mtu.

Hapo ndipo damu ya babu zake ilipomshauri, na ilimshauri vibaya. Kwao, mtu mwenye busara haweki mifugo yake yote mahali pamoja. Mwaka wa maradhi unamtenga mnyama wako bora, unampeleka kwa rafiki aliye mbali, naye anakunywa maziwa yake mpaka shari ipite. Hivyo ndivyo ukoo wake ulivyovuka kila balaa. Hanad alimtazama Dume, akaona hana doa hata moja. Akamtia kwenye ndoo yenye kifuniko, akaenda naye Chechelesi.

"Nimekuletea Dume akae kwako," alimwambia Kaburu. "Kwetu mtu hapewi mnyama hivi kama si ndugu."

Kaburu aliguswa sana. Alishika ndoo kwa mikono miwili, akauliza kwa utani maziwa atayakamua wapi, akamwaga maji na samaki pamoja ndani ya tangi lake. Habari za yule wa manjano aliyezikwa nyuma ya choo Hanad hakuzigusia. Alijiambia kwamba si vizuri kuchanganya zawadi na matanga.

Mambo yalikaa sawa kwa muda mfupi. Kisha Kaburu akaja Bulla Pesa mwenyewe, hakubisha hodi, akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Mzee Hanad, samaki zangu zinakufa. Zimebaki mbili. Na hii Dume yako imejaa kitu nyeupe mpaka macho." Akamtazama vizuri. "Ulikuwa unajua?"

Amino, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alijibu kwa niaba ya mumewe kwamba kuna mmoja nyuma ya choo. Kaburu alivaa kofia yake akaondoka. Aibu iliyompata Hanad hapo hakuwahi kuipata hata siku alipolilaza lori ubavu kule Ngaremara na mbuzi wote aliowabeba wakatokomea. Na juu ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu Dume alikuwa kule, amejaa mpaka macho.

Akamwendea Kiende, daktari wa mifugo, dada mmoja mcheshi ambaye maisha yake yote yalikuwa mbuzi, ngamia na chanjo. Kiende alimweleza wazi kwamba samaki hajawahi kumtibu, ila kidudu ni kidudu, na darubini anayo. Wakaenda pamoja Chechelesi. Kaburu alimpokea daktari kwa mikono miwili, kisha akampita Hanad kama anayepita kiti. Kiende alimshika Dume kwa mkono uliolowa maji, akamkwangua ubavuni taratibu kwa kipande cha kioo, akamrudisha majini, akakiweka kioo chini ya darubini. Halafu akawaita waone kidudu cha duara kikijizungusha polepole kama mtu aliyeshiba. Alikipiga picha akawatumia wenzake wa Mombasa wanaoshughulika na samaki, wakamjibu, naye akamgeukia Hanad.

"Mzee, wewe ni mfugaji. Kupe ikishashiba damu inaenda wapi?"

"Inaanguka," Hanad akasema.

"Inaanguka wapi?"

Hapo jibu likamfikia Hanad. Inaanguka bomani. Inazaa pale pale chini, na watoto wake wanasubiri mnyama apite. Kumbe vidoa vilipotoweka samaki hakuwa amepona. Vilishuka mchangani kuzaana, na yeye akazunguka mtaani kifua mbele. Kumbe na Dume alikuwa navyo ndani ya mashavu, mahali ambapo jicho halifiki, alipokuwa anapelekwa kwa heshima zote Chechelesi. Babu yake alipoona kupe wamezidi hakuwa akikoroga chochote. Alikuwa anahamisha boma, na lile la zamani linaachwa tupu mpaka kupe wafe kwa njaa.

Ndivyo ilivyobidi. Samaki wote walionusurika wa matangi mawili wangehamia kwenye karai kubwa la plastiki, bila mchanga wala jiwe, watiwe dawa ya shaba iliyopimwa kila siku, kwa sababu ikipungua haiui kidudu na ikizidi inaua samaki. Matangi yenyewe yangebaki na maji na pampu bila samaki hata mmoja kwa miezi miwili na zaidi. Dukani kwa Kaburu hapakuwa na nafasi ya karai, na majani ya miraa yangeanguka ndani. Likawekwa sebuleni kwa Hanad.

Kaburu alikuja kila siku kulinda samaki wake wawili dhidi ya Hanad. Alimsalimu Amino, akanywa chai ya Amino, akapima dawa mwenyewe, akaondoka. Hanad naye alipima tena baada yake. Amino alikaa katikati kama hakimu na alifurahi kupita kiasi.

Dume ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote. Hakula. Alisimama kwenye kona moja ya karai akihema, mapezi yamechakaa. Hanad aliacha kwenda kwa wenzake msikitini baada ya swala, akawa anarudi moja kwa moja kukaa sakafuni na magoti yake mabovu, akimtengenezea vipande vya kamba wa baharini, vidogo kama vya mtoto anayeota meno. Siku moja Kaburu alimkuta hivyo. Akasimama, akavua kofia, akakaa sakafuni upande wa pili.

"Jaribu kumwekea karibu na mdomo," akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ile.

Dume alitazama, akageuka, kisha akameza. Wanaume wawili wazima walishikana mikono juu ya karai kwa sababu ya kipande cha kamba. Hanad akaomba msamaha pale pale, kwa maneno machache yaliyomtoka kwa shida, na Kaburu akasema yamekwisha.

Kule Chechelesi tangi tupu lilikuwa bado na watazamaji wake. Wateja walitafuna na kutazama maji kama kawaida, na mmoja wao, Halkano, alikata kauli kwamba yule samaki wa bluu ameongezeka mwili.

Afya iliporudi, rangi nayo ikarudi, na kukatokea jambo jingine. Dume hakumfukuza tena kila mtu. Alimganda samaki mmoja mdogo wa Kaburu, wa aina yake, wakalala pamoja, na yule mdogo akawa anatetemeka mbele yake kwa unyenyekevu. Kiende alipoitwa aliuliza tena wenzake wa Mombasa, akacheka mpaka akakaa. Akawaeleza kwamba kwa samaki wa aina hii, wote huanza wakiwa madume, na aliye mkubwa kuliko wengine hugeuka jike. Dume alikuwa mke wa mtu.

Amino aliingia jikoni kucheka, akarudi, akaingia tena.

Siku matangi yalipotangazwa kuwa salama, Kaburu alifika Bulla Pesa amevaa koti. Mkononi alikuwa na fungu la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba, lile ambalo Wameru hupeleka wanapokwenda kuposa. Aliliweka mezani mbele ya Hanad bila kutabasamu.

"Mzee, nimekuja juu ya kijana yangu."

Hanad alitaka kucheka, lakini akageuka kulitazama karai. Alikuwa amefanya yote haya ili Dume abaki naye. Angeweza kusema mume ahamie huku. Lakini alijua desturi, na ile ya Wameru na ile ya kwao zilikubaliana hapo: bibi harusi huenda kwa mumewe. Isitoshe, yeye ndiye aliyempeleka Chechelesi mara ya kwanza, na akampeleka kwa uongo.

Alilichukua fungu akampa Amino. Kisha akaleta ndoo ile ile yenye kifuniko, akainama juu ya karai, na machozi yakaanza kudondoka ndani.

"Baba Barwaqo," Amino alisema, safari hii bila mzaha, "siku ya harusi ya Barwaqo hukulia."

"Barwaqo hakuwahi kunisikiliza hivi," Hanad akasema.

Sasa ukipita Chechelesi alasiri utamkuta mzee mmoja asiyetafuna amekaa mbele kabisa ya kioo, kwenye kiti ambacho hakuna mteja anayethubutu kukikalia. Halkano akimuuliza anatafuta nini katikati ya watafunaji, Hanad humjibu bila kugeuka kwamba amekuja kumsalimia binti yake, na Kaburu humletea chai, maana mkwe hafukuzwi.