Haki ya Aliyeshindwa

"Nipeni sehemu yoyote ya katuni yetu kati ya zile zilizokwisha kuonyeshwa," alisema Hari kwenye kipaza sauti, mbele ya mashabiki waliojaa ukumbi wa juu wa jengo la maduka pale Omiya, "nami nitawaonyesha kwamba kati ya Nagi na Io hakuna mapenzi. Kuna biashara ya mito ya kulalia. Na wa kunishinda kwa hoja, mama yake bado hajamzaa."

Watu walicheka, wakapiga makofi, na wengine wakarekodi. Hari alishuka jukwaani kama bibi harusi aliyejiposa mwenyewe.

Jina la nyumbani la mwanamke huyu ni Ogino Chinatsu. Siku za kazi yuko kwenye duka la miwani karibu na stesheni, akiwauliza wazee kama herufi zinaonekana vizuri sasa au zilionekana vizuri mwanzo. Hari ni jina la ushabiki, maana yake sindano. Alijipa mwenyewe na hakuna aliyebisha. Miongoni mwa mashabiki, jina ulilopewa na wazazi haliulizwi. Ukiuliza utaonekana askari, au shangazi.

Katuni iliyowagombanisha inaitwa Meza ya Dirishani, na huonyeshwa sehemu moja kila mwezi. Wasichana wanne wa sekondari hukutana juu ya duka la chai, wanacheza michezo ya mezani, wanakula biskuti, basi. Hakuna anayekufa, hakuna jini, na dunia haihitaji kuokolewa. Ila Nagi humtazama Io kwa muda mrefu kuliko anavyozitazama karata zake, na jicho hilo moja limewagawa watu wazima wenye kazi na kodi za nyumba kuwa kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema yale ni mapenzi. Kambi ya pili inasema ni chambo: waundaji wanawabananisha wasichana, mkono huku unagusa mkono kule, kisha sehemu ya saba wanawapeleka wote kwenye bwawa la maji moto na kamera inasahau kabisa kwamba hadithi ilihusu karata, ili wanaume wenye mishahara wakanunue mito yenye picha. Wenyewe wanaiita huduma. Na kama ilivyo kwa huduma nyingi, anayetumikishwa hakuulizwa.

Hari alikuwa kamanda wa kambi ya chambo.

Vita vyenyewe vilipiganwa Jumapili mchana kwenye mkahawa wa michezo ya mezani wa Masta Iwakura, ghorofa ya tatu, juu ya daktari wa meno. Masta ana rafu za michezo mpaka kwenye dari, jagi la chai baridi ya shayiri, na wali wa kari anaoupika Jumapili tu. Pia ana sheria yake, ameibandika ukutani: aliyeshindwa ana haki ya kuomba mchezo mmoja tena, na mshindi haruhusiwi kuinuka mpaka aliyeshindwa aseme. Mshindi yeye hana haki ya kuomba chochote. Ameshashinda, anataka nini tena? Wateja waliicheka sheria hiyo mwanzoni. Baadaye ikawa mila, na mila haichekwi.

Suzume alitokea Jumapili moja ya mvua, mwavuli unachuruzika, akauliza kama kiti cha kushoto kwa Hari kina mtu. Suzume maana yake shomoro, na kweli alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye wino kwenye vidole, kwa sababu alikuwa anachora. Alikuwa kambi ya mapenzi. Siku ile ile ya kwanza walibishana mpaka kari ikafanya utando.

Tangu hapo, bila mwenyewe kujua ilitokea lini, katika mambo yote ambayo Hari aliyataka duniani lilibaki moja: kwamba Jumapili ikifika, Suzume akae kushoto kwake. Wiki nzima aliwapima watu macho huku akitunga kejeli nzuri za kumpelekea. Wengine hupeleka maua.

"Mimi ile ya kuoga naipenda tu," alisema siku moja Gondo, fundi wa mabasi, mtu mnene na mpole ambaye hajawahi kumaliza hoja yoyote. "Sitetei kitu. Naipenda."

"Gondo-san, wewe huhitajiki kutoa ushahidi," Hari akamwambia, kwa ile -san ya heshima ambayo pale kila mtu humpa mwenzake. "Wewe ndiwe ushahidi."

"Hata mimi siipendi ile," Suzume akasema. "Kamera pale ni ya kipumbavu. Lakini kamera ikiwa ya kipumbavu, Nagi naye moyo wake unakuwa wa uongo? Mtu akikuchungulia unalia, machozi yako yanakuwa ya maigizo?"

"Akiyauza kwenye chupa, ndiyo."

"Una roho ngumu, Hari-san."

"Nina macho mazuri. Ndiyo kazi yangu."

Suzume alicheka mpaka akashika meza. Kisha wakacheza Bustani, mchezo wa kupanga vigae vya maua mpaka umzingire mwenzako, na Suzume akashindwa. Alishindwa kila mara. Akiisha kushindwa aliinua kidole kimoja, akasema kwa sauti ndogo, "Mchezo mmoja tena, tafadhali," na Hari, kwa mujibu wa ukuta, akabaki. Walibaki hivyo mpaka Masta akaanza kuvipandisha viti juu ya meza. Hari aliwatangazia watu wote, "Suzume-san anacheza kama kuku aliyefungwa kitambaa machoni." Suzume alicheka pamoja nao.

Ndipo ikaonyeshwa sehemu ya kumi na moja.

Ndani yake Nagi anashika karata ya ushindi. Mtazamaji anaiona wazi. Nagi anaitazama, anamtazama Io ambaye ameshavaa koti, kisha anairudisha karata chini ya nyingine na kushindwa. Anaomba wacheze tena. Io anavua koti.

Jumapili iliyofuata kwa Masta hapakuwa na pa kuweka mguu. Ile rekodi ya majigambo ya Hari ilikuwa imezunguka, na watu walikuja na simu zao kumwona kamanda akifanya kazi. Suzume, ambaye kwa kawaida husubiri wengine waseme, siku hiyo alianza yeye. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Alikuwa nayo ya kushinda. Tuliiona sote. Kaificha. Kwa nini?"

"Kwa sababu dakika zilibaki tano na mwandishi kaishiwa," alisema Hari.

"Hapana. Akishinda, Io anakwenda nyumbani. Akishindwa, Io anabaki." Suzume aliivuta sahani yake mbele, akairudisha ilipokuwa. "Mtu wa namna hiyo, Hari-san, wewe unamwitaje?"

Palikuwa na kitu katika swali lile. Hari alikihisi, kama unavyohisi ngazi moja imepungua gizani. Lakini simu zilikuwa zimeinuliwa, na ulimi wake ulikuwa umeshaondoka nyumbani bila kuaga.

"Namwita mtu wa kubuni. Hakuna msichana wa kweli anayeshindwa makusudi, wiki nenda wiki rudi, ili tu akae karibu na msichana mwenzake. Na kama yupo, anatia huruma. Mnunulieni mto."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Gondo hakucheka. Alikuwa anakitazama kijiko chake kama kina maandishi.

"Sawa," alisema Suzume. "Tucheze."

Waliotazama wanasema hawajaona tena kitu kama kile. Mkono wa Suzume, uliozoea kusitasita juu ya vigae kama mtu anayechagua samaki sokoni, safari hii haukusita. Kigae, kigae, kigae. Hari alijaribu kutokea kushoto, kumefungwa. Akajaribu kulia, palikuwa pamefungwa zamani na hakuona. Kari ilikuwa bado ya moto alipogundua kwamba hana pa kuweka hata ua moja. Suzume aliweka kigae cha mwisho, akakinyoosha kwa ukucha.

Hakuinuka. Mshindi haruhusiwi. Alikaa, mikono juu ya mkoba, akamtazama Hari usoni, akangoja. Kule kwenye sinki Masta alifunga bomba.

Yalihitajika maneno manne tu. Hari aliyajua kwa moyo, alikuwa ameyasikia kila Jumapili kwa karibu mwaka mzima. Lakini yeye hajawahi kuyasema kwenye meza ile, na punde tu alikuwa ametangaza mbele ya simu zote hizo kwamba anayeyasema anatia huruma.

"Bahati ya siku," akasema. "Hongera." Akaanza kukusanya vigae haraka haraka, kama muuzaji aliyesikia king'ora.

Suzume alingoja mpaka kigae cha mwisho kikaingia kwenye boksi na kifuniko kikafungwa. Kisha akamshukuru Masta kwa chakula, akawainamia wote kichwa, akashuka ngazi.

Hari alidhani amenuna. Jumapili iliyofuata alikiwekea kiti cha kushoto mkoba wake, kisichukuliwe. Iliyofuata pia. Alimtumia ujumbe wenye mzaha, haukusomwa. Akatuma mwingine usio na mzaha, na huo ulimchukua jioni nzima kuuandika, kwa sababu hakuwa na mazoezi. Alipokwenda kuangalia kama umesomwa, akaunti yenyewe haikuwapo tena. Ndipo akaona alivyo: mwaka mzima bega kwa bega na mtu, na hajui jina lake, wala anakaa wapi, wala anafanya kazi gani. Heshima ya mashabiki hiyo. Huulizi, na siku mtu akiondoka huna hata mlango wa kugonga.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa. Nagi na Io walitembea njia moja kwenda stesheni chini ya mwavuli mmoja, na kambi zote mbili zikadai ushindi. Watu walimwita mtandaoni, kamanda uko wapi, toa tamko. Kamanda alikuwa kitandani, ameugeukia ukuta.

Mchana mmoja wa masika, mkahawa ukiwa mtupu, aliketi kwenye kaunta mbele ya Masta.

"Masta, Suzume-san hapiti siku ambazo mimi sipo?"

"Hapiti."

"Huna hata namba yake?"

"Namjua kwa jina mnalomjua nyinyi." Masta alipangusa glasi ambayo ilikuwa kavu. "Hari-san. Unajua yule alikuwa mchezaji?"

"Mchezaji gani, Masta, nimemfunga mwaka mzima."

"Kabla yako alikuwa anakuja Alhamisi, na wale wazee wa klabu. Bustani hiyo hiyo. Hakuna mzee aliyemfunga, na wale wazee si watu wa kuachia. Alhamisi moja ulipita hapa kuchukua mwavuli wako, ukabishana na Gondo mlangoni kidogo, ukaondoka. Yeye alikuwa meza ile ya pembeni. Akaniuliza wewe huwa unakuja siku gani." Akaiweka glasi. "Jumapili nikamwona anaweka vigae ovyo, nikadhani anaumwa. Baadaye nikaelewa."

Hari aligeuka akaitazama meza ile ya pembeni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mwanangu? Gondo alijua. Kila aliyekaa humu alijua. Nilidhani na wewe unajua, kwamba kubishana kwenu ndiyo namna yenu."

Kesho yake kazini alimvisha mzee mmoja fremu ya kupimia, akabadilisha kioo, akamuuliza herufi zinaonekana vizuri sasa au mwanzo. Mzee akasema sasa, sasa ni wazi kabisa, kumbe siku zote alikuwa kama kipofu. Hari aliomba radhi, akaenda chumba cha nyuma kwenye maboksi, akakaa huko mpaka mwenzake akaja kummalizia mteja.

Majani yalipoanza kugeuka rangi lilifunguliwa soko la mashabiki, kwenye jumba kubwa la maonyesho upande wa bahari, ambako wachoraji huuza vijitabu vyao wenyewe, meza kwa meza. Hari alipita safu kwa safu. Jina hakulijua, lakini mkono aliujua: Suzume huchora vidole virefu, na kucha huziacha bila kuzimalizia. Aliviona vidole hivyo kabla hajamwona mwenyewe.

Alikuwa amekata nywele. Kando yake alikaa mwanamke wa sweta kubwa la kijani, anayecheka kwa mwili mzima, ambaye alimega tonge la wali kwenye karatasi akampa Suzume nusu bila kuuliza, naye akapokea bila kutazama. Kwenye vijitabu vya mezani hapakuwa na Nagi wala Io. Palikuwa na wanawake wawili wenye aproni, wamepakaa unga, kutoka katuni mpya ya waokaji mikate. Suzume alikuwa ameshahama.

Hari alikuwa amejitungia maneno kwenye treni, marefu na mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Alipofika mbele ya meza yalibaki machache.

"Sehemu ya kumi na moja," alisema. "Ulikuwa unasema kweli wewe."

Suzume aliinua macho. Alimtambua, hilo lilionekana. Uso wake ukawa mwema, kama uso wa mtu anayempisha mwingine kwenye lifti.

"Asante sana," alisema. "Ile siifuatilii tena siku hizi."

"Mnafahamiana?" aliuliza yule wa kijani.

"Tulikuwa tunacheza pamoja." Hapakuwa na uchungu ndani yake. Hari aliutafuta, angalau kidogo, na hakuupata.

Foleni nyuma yake ilisogea, mtu akamgusa kwa begi, akaomba msamaha. Suzume akauliza, kwa ile lugha ya adabu iliyonyooka, ambayo duka huitumia kwa mteja na ambayo Hari naye huitumia kutwa kwa wazee wa miwani, kama mgeni angependa kuchukua kijitabu.

"Nitachukua," alisema Hari.

Kijitabu kilikuwa yen mia sita.