Flashi Shingoni mwa Mjomba Tapusoa

Kijijini kwetu huku kisiwani Savaii, binamu yangu Lagimaina ndiye pekee anayeandika kwenye kibodi bila kuitazama. Ni karani wa shule, na ndiyo maana Mjomba Tapusoa, mkuu wa ukoo wetu, alimchagua amwandikie nasaba: vizazi kumi na vitatu, nani alimzaa nani, nani alipewa shamba gani. Nasaba kwetu haisemwi ovyo. Inafichwa mpaka siku ya kesi, la sivyo adui atajua pa kukupiga.

"Isibaki kwenye komputa ya shule, itie kwenye flashi," mjomba alimwambia. "Wala usiichape kwenye karatasi. Printa haina siri."

"Flashi yenyewe kitu kidogo, mjomba. Ikipotea je?"

"Nitaivaa."

Akaitia kamba, akaivaa shingoni miaka miwili, kanisani na kwenye majimbi. Nakala moja tu duniani. Lagimaina alikula kiapo na akakishika. Mimi ningeiba nakala, siwafichi.

Mjomba akafa ghafla, wiki tatu kabla ya kesi ya Lalotoa, shamba linalotulisha, ambalo ukoo wa Lemafoe waliling'ang'ania. Mjane wake, Shangazi Seleisa, akamlaza kwenye jeneza na kila kitu ambacho alikuwa hatoki bila kuwa nacho: fimbo, miwani, mgwisho. Na flashi shingoni.

"Shangazi," Lagimaina akamnong'oneza, "hiyo kamba tuitoe."

"Umvue maiti mbele ya wageni? Huna haya!"

Iakopo, mtoto wa marehemu, naye akamjia juu. "We karani, nenda kamenye majimbi huko!"

Lagimaina akaenda kumenya. Mjomba akazikwa mbele ya nyumba, zege likamwagwa.

Siku ya nne Iakopo huyo shuleni, mbio. "Ile nasaba unayo kwenye komputa, si ndiyo?"

"Iko shingoni mwa baba yako."

Jamani, lawama zote zikamwangukia Lagimaina! Shangazi akakataa katakata kaburi kuguswa. Basi Lagimaina akakaa kwenye kibodi akaandika kwa kukumbuka, na anasema vidole ndivyo vilivyokumbuka. Majina yote aliyapata, ila moja. Sauvale ni babu wa koo zote mbili, wetu na wa Lemafoe, na kesi nzima ilikuwa hapo: Lalotoa aliipata kwa baba yake, ambaye ni wa kwao, au kwa mama yake, ambaye ni wa kwetu? Jina la huyo mama ndilo lililomtoka.

"Tia lolote," Iakopo akasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Mahakamani mzee wa Lemafoe aliuliza swali moja tu. "Mama yake Sauvale aliitwa nani?"

Msemaji wetu akageuka kumtazama Lagimaina. Jaji akamruhusu ajibu.

"Nimelisahau," akasema.

Asiyejua jina la mama hawezi kudai kupitia kwake, basi Lalotoa ikaenda kwa Lemafoe. Tangu siku hiyo Iakopo hamwamkii, na kanisani ukoo mzima unamwachia benchi peke yake. Ukoo huo huo uliomfukuza penye jeneza! Nikiwaona natamani kuwatemea mate.

Mwezi uliopita yule mzee wa Lemafoe akaja shuleni na daftari la nasaba yao. "Binti yangu, tuandikie na sisi. Nimekuona, wewe hudanganyi."

Kazi ni kazi, akaipokea. Ukurasa wa nne akamkuta Sauvale, na juu yake mama: Masinalupe, aliyeolewa kutoka ukoo wetu, akaja na shamba lake la Lalotoa.

Vidole vikasimama. "Kumbe mlikuwa mnajua, mzee."

"Tulijua tangu zamani. Nilitaka kuona kama nyinyi mnajua." Mzee akavuta kiti akakaa. "Kesi imekwisha, binti. Andika tu, na ututolee nakala tatu."

Akaandika.