Barua Niliyoiandika Vizuri Mno

Nilicheza winga ya kulia kwa miaka miwili, na nilikuwa mzuri. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kulisema kwa kujitetea.

Tulikuwa wanawake kumi na watano: wauza mboga, mafundi cherehani, mwuguzi mmoja, na mimi niliyetoka chuo kikuu bila kazi. Uwanja wetu ulikuwa Kabeza, udongo mtupu kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Ndege ilipotua, kipa alipiga kelele na hakuna aliyemsikia. Kila mmoja alifika amefunga kitenge kiunoni, akakifungua penye mstari tu, na mpira ulipokwisha akakifunga kabla jasho halijakauka. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Tuliijua.

Nahodha wetu alikuwa beki wa kati, muuza nyanya, mama wa mtoto mmoja. Aliniita Profesa.

“Profesa, mpira haufikiriwi! Piga!”

Alisema kweli. Nikifika karibu na kona nilikuwa nikipima njia tatu za kuingiza mpira, na nikishachagua moja, beki wao alikuwa amekwisha kuuchukua. Lakini siku nilizosahau kufikiri, hakuna aliyenishika. Siku hizo nazikumbuka moja moja. Hazikuwa nyingi.

Mwaka 1992 nikapata nafasi ya kufundisha katika shule ya wasichana upande wa Ndera. Nilikuwa nimeingoja zaidi ya mwaka, nikiishi kwa mama yangu, nikila jasho la cherehani yake. Ilibaki karatasi moja: cheti cha mwenendo mwema, ambacho konseye, yaani mkuu wa sekta yetu, alipaswa kukitia sahihi. Bila hicho, hakuna shule.

Mama hakutoa macho kwenye mshono. “Nenda, msalimie vizuri. Akisema neno, jibu *yego*. Akisema la pili, jibu *yego*. Halafu urudi.”

*Yego* ni ndiyo. Kwetu mtu hujibu hivyo mbele ya mkubwa kama anavyovua kofia.

Konseye alinitazama kuanzia viatuni. “Ni wewe yule anayekimbia Kabeza mapaja nje?”

“Ndiye mimi, konseye.”

“Na unataka kufundisha watoto wa watu.” Akasogeza cheti changu pembeni kwa kidole kimoja. “Huo mpira umeuacha?”

Chumba kilikuwa na watu kama wanane wakingoja zamu. Wasichana wa mtaa ule ule walipanda kilima kila asubuhi na madumu ya maji kichwani, vitenge wamevipandisha mpaka mapajani ili wapige hatua, na sijasikia hata siku moja mwanamume akiwauliza kuhusu mwenendo wao. Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia. Au ningesema *yego*, neno moja, kama nilivyofundishwa. Badala yake nikaanza kufikiri. Nikisema ndiyo, akaniona Jumapili? Akiwaandikia watu wa shule? Akitaka ushahidi?

Nikamwuliza, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu: “Niandike, konseye?”

Akainua macho kama mtu aliyeletewa bia ambayo hakuiagiza.

“Andika,” akasema.

Niliiandika mchana ule ule kwenye meza ya mama ya kukatia nguo. Mstari mmoja ungemtosha. Niliandika kurasa mbili za Kifaransa safi, nikazinakili mara mbili ili pasiwe na doa. Niliandika kwamba najitoa kabisa na milele katika mchezo usiolingana na heshima ya mwanamke. Nikaisoma, nikaona bado ni kidogo, anaweza kudhani najificha. Nikaongeza kwamba wala sitamfundisha wala kumshawishi msichana mwingine yeyote. Hayo sikuyasikia kwa konseye. Niliyatoa kichwani mwangu, nikayapanga, nikaweka nukta.

Cheti nikapewa kabla ya jua kuzama.

Jumapili ya kwanza sikwenda. Ya pili nilikwenda nikasimama nje ya mstari, kitenge kimefungwa mafundo mawili. Nahodha akaja mbio.

“Profesa, unaumwa?”

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika magoti.

“Weye! Ukaandika? Hata mimi aliniita, nilipotaka kibali cha meza yangu sokoni. Akauliza, umeacha? Nikasema *yego*. Kipa, *yego*. Mwuguzi, *yego*. Jumapili akapita hapa na baiskeli, tukampungia mkono. Yeye anajua, sisi tunajua anajua. Iko hivyo!”

“Nilidhani...”

“Ndiyo shida yako. Ulidhani. Sasa fungua hicho kitenge, ingia.”

Sikukifungua. Sahihi yangu ilikuwa mezani kwa mtu. Upande wangu alicheza msichana wa saluni ambaye hajui hata kona inapigwaje, akakimbia tu na kupiga, likawa bao. Nilimchukia tangu kichwani hadi unyayoni, naye hakuwa amenikosea kitu.

Jumatatu nilikwenda kuiomba barua. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimekosea tarehe.

Konseye alisimama kunisalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. “Binti, barua kama ile haiwezi kulala kwenye faili. Niliipeleka komuni, kwa wakubwa wangu. Wameisifu!” Akanionyesha karatasi zilizopigwa taipu. Yalikuwa maneno yangu, yamefupishwa kidogo, na penye jina langu pameachwa nafasi. “Kila msichana wa mpira atatia sahihi. Akikataa, hana kibali cha chochote, hata cha meza ya sokoni. Sikujua ilivyo rahisi.”

“Lakini ni yangu, konseye.”

“Ni yako. Tunakushukuru.”

Nilipaswa kukichana cheti pale pale mbele yake. Kilikuwa mkobani. Niliingiza mkono, nikakigusa, na nilichofanya ni kuhakikisha hakijakunjika. Mwaka umepita nami bado nakasirika, na sijui nianze na nani, konseye au mkono ule.

Juma hilo hilo nahodha akaja kibarazani kwetu na karatasi yake. Mama akasimamisha cherehani, akaingia ndani.

“Wewe ndiye mwenye Kifaransa,” akaniambia. Hakuniita Profesa. “Nisomee. Kwa Kiswahili, polepole. Nataka kujua ninachokubali.”

Nikamsomea. Kwenye neno milele akaninyooshea kiganja.

“Hilo alilisema yeye?”

“Hapana. Ni langu.”

“Endelea.”

Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka pale pa kutomfundisha msichana mwingine yeyote. Mtoto wake ni wa kike. Alikuwa na miaka sita, na kila Jumapili alikuwa akipiga danadana nyuma ya goli letu kwa mguu wa kushoto.

“Hata wangu?” akauliza.

“Imeandikwa yeyote.”

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kunipiga, na ningemwacha anipige. Alitaka kalamu ya kutia sahihi.