Deo hakuwa na TB

Akili yangu bado inakataa. Deo amefariki jana asubuhi hapa ughaibuni, mjini Saint Paul. Meseji yake ya mwisho ya sauti sijathubutu kuifungua.

Wengi mlimjua kazini kule ghalani Shakopee, yule aliyeimba juu ya forklift akipakia mizigo. Supavaiza akimkataza, ananigeukia: "Mwambie nikinyamaza nitasinzia, nimgonge."

Dada yake alimpa figo. Kila mwaka Deo aliinunulia keki. "Kuleni jamani, figo ya dada inakua!"

Ili mwili usiikatae figo hiyo, alimeza dawa za kushusha kinga kila siku. Hilo hospitali ilikuwa nalo kwenye faili.

Kiangazi alilima mchicha kwenye bustani kule New Hope, akatugawia sote. Kisha kikohozi kikaanza.

Madaktari waliona nini? Mwafrika, kikohozi, madoa kwenye mapafu. TB! Wakamtenga, wakamwanzishia dawa za TB. Nilipofika akanipungia mkono: "Kaa mlangoni, kaka. Au nikukoholee upate likizo?"

Sisi nasi tukahukumu kabla ya majibu.

Kwenye maombi nyumbani kwa Mama Joy, wote walipewa chai kwenye vikombe vya kawaida. Neema, mke wa Deo, akapewa cha karatasi.

"Mama Joy, mbona mimi peke yangu?"

"Tahadhari tu, mdogo wangu."

Neema akamvalisha mtoto koti, wakaondoka. Hakuna aliyewafuata hadi kwenye gari isipokuwa mke wangu.

Maabara walipomaliza kuotesha vijidudu vya kwenye makohozi yake, hakukuwa na TB. Ni bakteria adimu anayeitwa Nocardia. Anaishi udongoni. Mimi na wewe tunavuta vumbi lake na hatuugui. Deo hakuwa na kinga ya kumzuia.

Haambukizi mtu kwa mtu. Someni tena hapo.

Dawa sahihi zilianza bakteria huyo akiwa ameshafika kwenye ubongo. Deo akaanza kusahau majina yetu.

Na hata ingekuwa TB, ina dawa. Mngemwachaje?

Tangu jana naona mnaweka picha zake, "rafiki yetu kipenzi". Jumamosi kwenye ibada Neema atakaa mbele na mtoto. Mkumbatieni. Mshikeni mkono kwa mikono miwili. Usipoweza, baki nyumbani na picha yako.

Deo, kaka yangu, nimewaambia. Pumzika sasa. Neema hatakaa peke yake kwenye kile kiti cha mbele; mimi na mke wangu tutakuwa pembeni yake. Usingizi mwema, ndugu yangu.