Maneno Aliyodhani ni ya Ndoa

Mama yangu anataka kujua jambo moja kabla hajafa: kama aliwahi kuwa Mwislamu.

Anaumwa figo. Daktari wa hospitali ya hapa Kasulu, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, alitueleza kwa upole kwamba safari ya Mwanza ingemwongezea muda kidogo tu. Mama akamjibu kwamba muda anao, asichonacho ni jibu. Daktari aliniangalia akidhani mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa. Sikumwelewesha. Ningeanzia wapi?

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Kibondo. Kwa miaka kadhaa nilipanga chumba pale, nikipanda gari la kazini kila asubuhi kwenda kambi ya Mtendeli kuwahoji wakimbizi: wametoka wapi, wanaogopa nini, wanataka kurudi au hawataki. Kambi ikafungwa, watu wakahamishwa au wakarudishwa Burundi, na mkataba wangu ukaisha. Nilirudi kwa mama na begi moja, digrii, na tabia ya kuhoji kila kitu. Kuswali nilikuwa nimeacha tangu mwaka wa pili chuoni. Sikuacha kwa hasira wala kwa kishindo. Niliacha kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai: siku ya kwanza unaona tofauti, baada ya hapo huikumbuki.

Mama hakuniuliza. Alinipa ushungi akasema, "Twende darsa, usinikalie humu ndani kama mwali."

Darsa lilikuwa Jumamosi baada ya alasiri. Ustadhi alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa Tanga, mwenye Kiswahili laini ambacho akina mama wa Kasulu walikisikiliza kama kaswida hata walipokuwa hawakielewi chote. Msimu huo alikuwa anafundisha kuitakasa nafsi. Alisema mtu asiyeijua nafsi yake ni mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akatutaka kila mtu, baada ya magharibi, akae akajihoji: leo nimefanya nini, na nimekifanya kwa ajili ya nani? Ibada isiyo na ikhlasi, alisema, ni gunia la maharage yaliyobunguliwa. Limejaa, limeshonwa, linapendeza sokoni, lifungue.

"Ustadhi," akasema jirani yetu, mwanamke mnene asiyeweza kupitisha neno, "na sisi ambao hata gunia hatuna?"

Akina mama wakacheka, upande wetu wa pazia lililotutenganisha na ustadhi. Kisha jirani akanigeukia mimi. "Wewe msomi, mbona umekaa karibu na viatu? Unapanga kukimbia?"

Nilikuwa ninapanga kukimbia, ila nilikuwa na swali. Nikaliuliza kupitia pazia: "Ustadhi, anayehoji ni nani na anayehojiwa ni nani? Kama nafsi ni mwongo, na hakimu ni nafsi hiyohiyo, hukumu yake tutaiamini vipi?"

"Ndiyo maana mwisho wa yote tunategemea rehema," akasema.

Niliona amekwepa. Njiani mama alinikemea, "Umemwonea mwalimu wa watu." Lakini mafundisho yale yeye aliyachukua yote, kama alivyochukua kila alichoambiwa na watu wa dini maishani mwake. Kila magharibi alibaki juu ya msala, miguu iliyovimba ameinyoosha mbele, akijihoji. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga ugali wa muhogo na sikuwaza kwamba mtu anaweza kupotelea pale.

Siku moja, tukiwa uani tunachambua dagaa, akaanza kusimulia bila kuniangalia.

Alizaliwa kijiji cha upande wa Buhigwe, kwenye familia ya kanisani. Baba yangu alikuwa mtu wa Ujiji, akipandisha dagaa na mawese huku milimani. Walipopatana, mama akapelekwa Ujiji kwa wakwe. Kiha ndiyo lugha aliyokuwa nayo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuliza bei. Akaogeshwa, akafunikwa kanga, akakalishwa mkekani mbele ya mzee mwenye kofia. Mzee akasema maneno ya Kiarabu kidogokidogo, naye akawa anayarudia. Wanawake wakapiga vigelegele. Akapewa jina jipya. Jioni ileile ikafungwa ndoa.

"Mimi nilidhani ndiyo maneno ya kumkubali mume," akasema. "Kwetu pia bibi harusi huulizwa akajibu. Nikasema, watu wa Ujiji wanaulizia kwa Kiarabu."

Nilicheka. Naye akacheka kidogo, akatupa kichwa cha dagaa kwa paka.

"Na jina?"

"Nilidhani ni jina la nyumba ile. Mke akiingia anapewa lake."

Maana ya shahada ile, maneno ya kuingia Uislamu, alikuja kuijua kutoka kwangu, nilipoanza madrasa nikawa naisoma kwa sauti hapo uani na tafsiri yake. Aliposikia hakushtuka. Alikuwa ameshaitamka ndani ya swala miaka yote, na aliona mambo yameshajipanga yenyewe. Mpaka ustadhi alipomfundisha kufungua gunia.

Nilimpa jibu la haraka, jibu la mtu aliyesoma. "Mama, umeitamka mara ngapi tangu uijue maana? Kila swala. Hata kama ya kwanza haikuhesabika, zilizofuata zimehesabika."

"Nimezitafuta hizo," akasema. "Nilifunga ili mama mkwe asiseme Muha wake hajui dini. Nikaswali ili baba yako asione haya mbele ya wenzake. Alipokufa, nikaswali ili wewe umwone mama yako anaswali. Nimetafuta hata siku moja niliyoswali bila mtu. Ukiwaondoa ninyi wote, mwana wanje, nani anabaki pale juu ya msala?"

Lilikuwa swali langu la darsani, nililouliza kwa kujionyesha. Yeye aliliuliza kwa sababu anakufa.

Tulikwenda kwa ustadhi. Alitupokea barazani kwake na madaftari ya wanafunzi mapajani, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa zaidi.

"Mama yangu, huo ni wasiwasi wa shetani," akasema. "Anamjia mtu mwema kwa mlango wa wema. Swala zako ziko kwa Mola wako. Lakini kama moyo hautulii, ni jambo jepesi: itamke sasa hivi, hapa, tumalize."

"Nikiitamka sasa nitakuwa nimeitamka kwa kuogopa kaburi."

"Kumwogopa Mungu nako ni ibada."

"Sikusema Mungu, ustadhi. Nimesema kaburi."

Alitabasamu, akidhani ni utani wa wazee, kisha akaona si utani.

"Ulituambia tuchuje nia zetu," mama akaendelea, kwa heshima, mikono miwili kifuani kama mtu wa kwao anayeamkia wakubwa. "Nimechuja mpaka hakuna kilichobaki."

Ustadhi akamwombea dua ndefu. Mama akaitikia amina kila mahali panapostahili, na tukiwa njiani akasema, "Umeona? Hata hizo amina zilikuwa za kumfurahisha."

Toka hapo niliingia katika kazi nisiyoistahili. Mimi nisiyeamini nikaanza kumtetea Mungu mbele ya mama yangu. Nilimletea kila hoja niliyowahi kuidharau. Nilimwambia hakuna binadamu mwenye nia safi, kwamba mapenzi yote huanza kwa kuiga, kwamba mtoto husema "mama" kabla ya kujua mama ni nini na hakuna anayemwambia neno lake ni batili. Alinisikiliza vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba hoja zilitoka kwangu. Ni kama kuuziwa dawa na mtu ambaye mwenyewe hathubutu kuinywa.

Asubuhi moja maumivu yalimshika vibaya akiwa anaamka. Akaushika ukingo wa kitanda akalia, "Imana! Imana yanje!" Ni jina la Mungu kwa Kiha, jina la utotoni kwake, ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Maumivu yalipopungua nikamrukia kwa furaha, kama mtu aliyeshinda mjadala.

"Mama, umejisikia? Pale hukuwa unamwonyesha mtu. Hukuwa na nafasi ya kupanga. Huyo aliyeita ndiye wewe. Ndiyo siku uliyokuwa unaitafuta!"

Akapumua kwa muda mrefu. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mbuzi naye hulia akishikwa na kisu," akasema. "Tunasema anaswali?"

Nikaenda kumchemshia maji.

Wiki iliyofuata akaniita nikae kitandani. Alikuwa ametawadha mwenyewe, sijui aliwezaje, na amevaa kanga safi.

"Nimefikiri," akasema. "Msikitini siwezi, watasema bibi kizee ndiyo kwanza anasilimu, na mimi nitakuwa ninasikiliza wanasemaje. Kwa ustadhi siwezi, nitataka aridhike. Lakini wewe nimekuzaa. Umenisafisha mpaka nilipofichika. Kwako sina cha kuonyesha. Nitaitamka mbele yako, iwe ya kwanza na ya mwisho."

Nikamshika mkono. Akainua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kisha akakisimamisha hapo hewani.

"Ila shahidi awe anaamini. Wewe unaamini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimejiuliza baadaye kwa nini sikusema, na sina jibu la kujivunia. Haikuwa ushujaa wa kusema kweli. Nadhani ni kwamba alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu anayehitaji kitu kimoja tu kisiwe cha maonyesho, na ulimi ukakataa.

"Sijui, mama."

"Hujui, au hapana?"

"Hapana."

Kidole kikashuka polepole mpaka kwenye shuka.

"Basi tuko wawili," akasema.

Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kushika. Alinipigapiga kiganja, akaniambia uji wa jana ulikuwa mzito mno, na kuanzia siku hiyo hakuswali tena.

Jirani mnene alikuja kumtazama, akakaa ukingoni mwa kitanda kikalalamika. "Shoga, darsa limepooza. Nani atanikanya nikisinzia?" Mama akatabasamu akamwambia anaumwa. Jirani akanivuta mlangoni, akaninong'oneza kwamba akina mama wa msikitini wameshaweka sanda tayari, nisihangaike, na wa kumwosha wapo.

Siku chache baadaye wakaja wajomba zangu kutoka Buhigwe na mkungu wa ndizi. Walipiga makofi ya kuamkia mlangoni kama desturi yetu Waha, wakaamkiana na dada yao kwa Kiha kwa kirefu, wakaomba ruhusa wamwombee. Akawaruhusu. Walishikana mikono kukizunguka kitanda, na mama akawasikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya nyumba ya pili. Nilipowasindikiza barabarani, mkubwa wao akasimama.

"Mpwa, tuseme ukweli. Akitutoka, tunamlaza wapi? Kwetu, kando ya mama yake, au kwa wenzenu?"

Nilisema nitamuuliza mwenyewe. Nikamuuliza jioni hiyo, taa ikiwa bado haijawashwa.

"Utaamua wewe," akasema.

"Mama, mimi siwezi kuamua kitu kama hicho."

"Hata mimi sikuweza," akasema, akageukia ukutani.

Mjomba hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. Hatamki swali lenyewe. Anasalimia, anauliza mvua, kisha ananyamaza akisubiri. Namwambia bado anakunywa uji.