Modemu Iliyoitikia Salamu

Nasra, fundi wa ushirika mdogo wa chai, alimwamkia mwenyekiti, mzee Rubeni. Hakuitikiwa.

"Umeua modemu!" mzee alifoka. "Wakulima hawapati ujumbe wa kuja kwa lori, majani yanaoza. Leo unaondoka!"

Nasra aliunganisha modemu, kifaa kinachowatumia wakulima ujumbe wa simu, na kompyuta kwa waya, akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika AT, amri ya kuiita modemu. Modemu ikajibu OK.

"Hii nikiisalimu inaitikia. Haijafa."

Akaiuliza kuhusu kadi ya laini ya simu. Ikajibu kwamba ndani hamna laini.

"Ufunguo wa ofisi unao wewe tu, mzee. Na wiki hii lori limebeba majani yako peke yake."

Mkono wa mzee ukakimbilia mfuko wa shati.

"Shikamoo," Nasra akarudia, kiganja wazi.

"Marahaba," mzee alisema kwa chuki, akamrushia laini.