Cheti cha Kuchezea Nje

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya duka la fotokopi hapa ughaibuni, mtaani kwetu Lawrence Heights. Mbele yangu mama mmoja Mkongo alimpa muuzaji cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Alitaka nakala ndogo iliyofunikwa plastiki, yenye tundu la kupitishia kamba ya shingoni.

"Mnasafiri, mama?" muuzaji akauliza.

"Hapana, baba. Ni ya kuchezea nje."

Akamwelekezea kidevu mwanawe aliyesimama kando yake. Ana miaka kumi na mmoja, lakini kwa kimo ananizidi mimi. Mama akaeleza kwamba juzi mtoto alitoka uwanjani na mpira wake, polisi wakamtia pingu. Walikuwa wanamtafuta mwanamume mweusi. Aliwatajia umri wake, wakacheka.

"Tarehe ya kuzaliwa uikuze," mama akasema.

"Iwe kubwa kiasi gani?"

Mama alitazama barabarani, akapima umbali kwa macho. "Isomeke kutoka ndani ya gari lao."

Nilisahau nilichofuata dukani. Kule tulikotoka, mtoto akirefuka ghafla, mama huringa naye mtaa mzima. Huyu alimwekea mwanawe mkono begani, akambonyeza chini taratibu. Mtoto, kwa adabu, akakunja magoti.